Hesabu za utabiri wa mvua kandokando ya Mlima Kenya

Mkulima wa majani chai wa Othaya na mfugaji wa Kieni wote ni wakazi wa Kaunti ya Nyeri, lakini mvua zao hazilingani. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki na kusini ya Mlima Kenya, zikapoa na kumwaga mvua Chuka, Embu na Meru. Zinapofika Kieni na Nanyuki, sehemu kubwa ya maji hayo imekwisha kuanguka. Kutoka kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, hadi mjini Nanyuki ni kilomita 30 hivi tu.

Ni umbali mfupi huo unaoitatiza kompyuta. Programu za utabiri huigawanya anga katika vyumba vya kuwaziwa na kuweka daftari la kila chumba: unyevu ulioingia, na uliotoka. Kinachotoka chumba kimoja hakina budi kuingia kwa jirani, kama fedha za chama, ili pasiwe na unyevu unaopotea kwa kosa la hesabu.

Vyumba vikiwa vya mraba vyenye ukubwa mmoja, kama katika programu ya WRF ambayo Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imeitumia, hesabu huwa nyepesi. Idara ya hali ya hewa ya Ujerumani ilianza mwaka 2015 kutumia programu ya ICON yenye vyumba vya pembe tatu, vya kilomita 13 hivi kwa dunia nzima. Kati ya Batian na Nanyuki hapo hupatikana vyumba viwili au vitatu. Programu ya MPAS ya Marekani, iliyotolewa kwa umma mwaka 2013, hutumia hasa pembe sita, nazo zaweza kufanywa ndogo palipo na mlima na kubwa baharini.

Hata hivyo, kupunguza vyumba ni ghali. Upana ukikatwa nusu, vyumba huongezeka mara 4, na kwa kuwa hatua za muda nazo hufupishwa, kazi huwa mara 8. Njia ya pili ni kuboresha hesabu ya ndani ya chumba. Tuseme vyumba vitatu, kutoka mashariki hadi magharibi, vina wastani wa gramu 12, 8 na 4 za unyevu kwa kilo ya hewa. Hesabu duni huchukulia kuwa chumba cha kati kina 8 kila pembe, hivyo upepo wa mashariki huvusha 8 hadi upande mkavu. Hesabu ya daraja la pili huwatazama majirani, ikachora mteremko, ikapata 6 ukutani. Zile gramu 2 za ziada ndizo mvua ya uongo ya Nanyuki.

Daraja la tatu huchora mkunjo badala ya mstari. Hapo pana mtego: penye badiliko la ghafla, mkunjo huweza kuzama chini ya sifuri, ukatoa unyevu hasi usiowezekana. Mrusi Sergei Godunov alithibitisha mwaka 1959 kwamba hesabu rahisi ya aina hii haiwezi kuzidi daraja la kwanza bila kuzua mawimbi ya bandia. Ndiyo maana programu za sasa huweka breki: mteremko hulainishwa pale tu unapotishia kupita viwango vya majirani, na kwingineko huachwa.