Alama 29 za Hisabati Zinasema Nini?

Katika mtihani wa kidato cha nne nchini Tanzania, mtahiniwa aliyepata alama 29 za Hisabati na mwenzake aliyeambulia sifuri hupewa gredi moja, yaani F. Akiongeza alama moja tu, yule wa kwanza amepata D, na D ni kufaulu. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya watahiniwa wa somo hili wameishia kwenye F. Kwa hiyo vijana wengi huondoka sekondari na herufi hiyo moja kama maelezo pekee ya hisabati waliyosoma kwa miaka minne. Ninadai kuwa maelezo hayo hayamsaidii mwanafunzi, mwalimu wala mwajiri.

Tutazame kinachopimwa. Muhtasari uliosomwa na vizazi vingi unaanza na sehemu na desimali, unapitia aljebra na jometri, hadi dunia kama tufe, hesabu za biashara, vekta na matriksi. Yote hayo huingizwa katika karatasi moja ya saa tatu yenye maswali 14: kumi ya alama 6 kila moja na manne ya alama 10. Tena mtoto aliyejifunza hisabati kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi huyasoma maswali hayo kwa Kiingereza.

Chukua mlinganyo 2x² − 5x − 3 = 0. Mwanafunzi mmoja anatafuta vigawo, anaandika (2x + 1)(x − 3) = 0, kisha kwa haraka anasema x ni 3 au 1/2, akisahau alama ya kutoa. Mwingine hajui aanzie wapi, anajaribu namba moja baada ya nyingine mpaka 3 inakubali, anaacha hapo. Kila mmoja amepata jibu moja sahihi kati ya mawili, lakini wa kwanza anahitaji kukumbushwa awe makini, na wa pili anahitaji kufundishwa upya. Msahihishaji mzuri huiona tofauti hiyo na kutoa alama kwa hatua. Bahati mbaya, alichokiona kinafutika pale alama zinapojumlishwa na kugeuzwa herufi.

Utaratibu wa madaraja unazidisha tatizo. Daraja hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Mwenye C saba ana pointi 21 na yumo daraja la pili, hata kama Hisabati amepata F. Sipendekezi wanafunzi waadhibiwe kwa hilo, maana wapo wenye vipaji vikubwa vya lugha na historia. Lakini mwanafunzi mwenye akili timamu akipiga hesabu hiyo kidato cha tatu, ataacha Hisabati na kuweka nguvu kwingine, na shule inayotazama madaraja haitakuwa na sababu ya kumzuia.

Wapo watakaosema herufi ni rahisi kwa vyuo na waajiri. Ni kweli, na zibaki. Baraza la Mitihani tayari hutoa uchambuzi wa jinsi watahiniwa walivyojibu kila swali, likionyesha makosa yaliyozoeleka. Kazi hiyo ni nzuri, ila inazungumzia watahiniwa wote kwa jumla. Mwalimu wa shule ya kata hawezi kujua kwamba wanafunzi wake waliweza takwimu na wakaanguka trigonometria, naye mwanafunzi anayejiandaa kurudia mtihani hajui arudie nini.

Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 unasisitiza umahiri. Umahiri hauwezi kuripotiwa kwa herufi moja. Alama za kila swali hurekodiwa wakati wa kusahihisha. Baraza lizipeleke shuleni kwa kila mtahiniwa, zikipangwa kwa mada, sambamba na gredi.