Ruhusa, Wala Si Haki

Mama anayetoka Msitu wa Kakamega, Kenya, upande wa Isecheno na mzigo wa kuni kichwani hajaiba kitu. Amelipa ada kwa watu wa misitu, naye anaijua mipaka ya alicholipia: kuni kavu zilizoanguka, basi. Kukata mti hakumo. Akienda kaskazini hadi Buyangu, ambako msitu uo huo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, na sasa uko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, hata hizo kuni haruhusiwi kuokota. Huko mtu huingia, hutazama, hutoka.

Naanzia msituni kwa sababu kuna neno la kompyuta, la mipaka kama hiyo, ambalo Kiswahili bado hakijalikalia vizuri. Kila faili ndani ya kompyuta hubeba maelezo ya nani anaweza kulifanyia nini. Maelezo hayo tuyaiteje? Wengine husema haki za ufikiaji, wengine idhini, wengine kibali, wengine ruhusa. Mimi nasimama na ruhusa, na sababu yangu si ya utamu wa neno.

Haki, kwa Mswahili, ni kitu cha mtu. Akinyimwa hulalamika, na huwa na hoja. Sasa mchukue mwanafunzi wa chuo aliyekuja ofisini kwa miezi mitatu ya mafunzo kazini. Ukimwambia amepewa haki ya kufikia mafaili ya mishahara, nani atajisikia ana wajibu wa kumwondolea atakapomaliza? Ruhusa haiko hivyo. Ruhusa huombwa, hutolewa na mtu anayejulikana, kwa jambo linalotajwa, na huwa na mwisho. Mtoto wa bweni aliyepewa ruhusa ya kwenda nyumbani Ijumaa anajua Jumapili jioni awe amerudi.

Idhini nayo ina kazi yake, tusiipoteze. Idhini ni tendo la mwenye mamlaka kukubali. Ruhusa ni kile kinachobaki kimeandikwa baada ya kukubali. Mkuu wa idara huidhinisha, msimamizi wa mfumo huandika ruhusa. Kibali ni karatasi yenye muhuri, na kompyuta haina karatasi hiyo.

Mpango wa ruhusa unaotumika hadi leo katika mifumo ya jamii ya Unix ulitokana na kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Bell Labs, Marekani, kuanzia mwaka 1969. Watu hugawanywa mafungu matatu: mwenye faili, kikundi chake, na wengine wote. Kila fungu huulizwa mambo matatu: asome? aandike? aendeshe, ikiwa faili ni programu? Kusoma kumepewa 4, kuandika 2, kuendesha 1, kisha hujumlishwa. Kwa hiyo faili lenye 640 lina maana kwamba mwenyewe anasoma na kuandika, kikundi kinasoma tu, na wengine hawana chochote. Lenye 777 ni msitu usio na mlinzi. Fundi aliyeshindwa kujua kwa nini programu imegoma huandika 777 ili kazi iende, halafu anasahau. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko ningependa.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata wazoefu. Unaweza kumkataza mtu kuandika ndani ya faili, na bado akalifuta. Katika Unix, kufuta hakutegemei ruhusa ya faili bali ya folda linamokaa, kwa sababu jina la faili limeandikwa katika folda. Karani wa masjala angeelewa mara moja: asiyeruhusiwa kugusa ndani ya jalada, lakini anayeruhusiwa kupanga rafu, anaweza kulitoa jalada zima. Basi anayelinda faili alitazame pia folda.

Miaka michache iliyopita niliingia katika saiba moja mjini Kakamega kuchapisha barua. Kwenye skrini, kati ya picha za harusi na barua za maombi ya kazi za watu nisiowajua, nilikuta nakala ya kitambulisho changu. Nilikuwa nimeiskani pale miezi kadhaa nyuma. Yeyote aliyelipia dakika kumi angeweza kuifungua. Niliifuta, na kwa kuwa hakuna aliyenizuia, ningeweza kufuta za wengine pia. Nilitoka nimekasirika, na hasira hiyo sijaimaliza.

Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa chuo cha MIT walichapisha makala iliyoweka misingi miwili ninayoiona kila ninapoikumbuka kompyuta ile. Wa kwanza: mlango uwe umefungwa tangu mwanzo, na ruhusa ndiyo iufungue, badala ya kuuacha wazi na kukataza mmoja mmoja. Wa pili, ambao ningeuita ruhusa ya kadiri ya kazi: mtu apewe kile tu ambacho kazi yake inahitaji. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde zisifikiwe bila idhini. Mwenye saiba, zahanati au ofisi ya shule si lazima awe mtaalamu ili kuanza. Ampe kila mtumishi jina lake la kuingilia, asiwaache wote wakitumia la msimamizi, na folda la wateja lisifunguliwe na kila anayeketi mbele ya kompyuta.

Ofisi nyingi zina fomu ambayo anayeacha kazi huzunguka nayo ikitiwa saini: amerudisha funguo, amerudisha kompyuta, hana deni. Mstari ninaotaka kuuona ndani yake ni huu: ruhusa zake za mafaili zimeondolewa, tarehe, saini ya aliyeziondoa.