Miaka 30 ya DVD: Kwa nini sauti iliachana na picha Arua na Koboko

Novemba 2026 ni mwezi wa miaka 30 tangu Toshiba ilipoanza kuuza mashine ya kwanza ya DVD, SD-3000, katika maduka ya Japani tarehe 1 Novemba 1996. Historia ya diski hiyo imeandikwa mara nyingi, na karibu kila mara inaishia Tokyo, Hollywood na Eindhoven. Sura inayokosekana ni ya miji kama Arua na Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, ambako intaneti ilikuwa ghali na nyumba nyingi zenye televisheni zilikuwa na mashine ya DVD, hivyo filamu iliyopakuliwa mara moja ilichomwa kwenye diski ikatazamwa na wengi. Ugonjwa wa diski hizo unafahamika: mwigizaji anafumbua mdomo na maneno yake yalishapita, bunduki inalia kabla haijafyatuliwa, au picha inakwenda vizuri huku spika ziko kimya. Hukumu ya mtaani ilikuwa nyepesi: fundi hajui kazi, diski ni feki, au umeme umefanya mambo yake. Ushahidi unasema vingine. Sehemu kubwa ya kasoro hiyo ilikwishaingia katika viwango vya kimataifa kabla ya diski ya kwanza kuchomwa West Nile, na vijana waliojifunza kuiondoa walikuwa wakisahihisha maamuzi ya makampuni makubwa ya dunia.

Chanzo ni namba mbili. Sauti ya kidijitali ni vipimo vinavyochukuliwa maelfu ya mara kila sekunde. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilitumia vipimo 44,100 kwa sekunde, namba iliyorithiwa kutoka kwenye mashine za kanda za video ambazo Sony ilizitumia kuhifadhia sauti: vipimo 3 katika kila mstari wa picha, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Watu wa filamu na utangazaji walikwenda na 48,000, ambayo inagawanyika bila baki kwa picha 24 za sinema na kwa picha 25 za televisheni ya Ulaya. 44,100 ukiigawa kwa 24 unapata 1,837 na nusu. DVD, kwa kuwa ilizaliwa kwa ajili ya sinema, ikachukua 48,000. Kompyuta na muziki wa MP3, vilivyokua pamoja na CD, vikabaki na 44,100. Sauti ya 44,100 ikichezwa kana kwamba ni ya 48,000, saa nzima ya maongezi huisha karibu dakika tano mapema, na wanaume wazima huongea kwa sauti nyembamba. Upande wa picha nao una deni lake. Marekani ilipoanzisha televisheni ya rangi mwaka 1953 ilipunguza mwendo wa picha kwa takriban sehemu moja ya elfu ili wimbi la sauti lisiingiliane na wimbi la rangi, na ndiyo sababu filamu nyingi za huko husambaa zikiwa na picha 23.976 kwa sekunde. Ukiharakisha picha hizo hadi 25 na kuiacha sauti katika mwendo wake wa zamani, mwachano unakua kwa karibu sekunde mbili na nusu kila dakika. Ni kama wasafiri wawili walioondoka pamoja, mmoja akiwa na hatua ndefu kidogo: mlangoni hutawatofautisha, lakini kufika mtoni mmoja haonekani tena.

Ugomvi wa mwaka 1995 kati ya kambi ya Toshiba na kambi ya Sony na Philips kuhusu umbo la diski unajulikana sana, na uliisha baada ya makampuni ya kompyuta, IBM ikiwa mbele, kukataa kuwa na diski mbili. Ugomvi wa sauti uliofuata hausimuliwi mara nyingi, ingawa ndio uliowagusa watazamaji wetu zaidi. Jim Taylor, mwandishi wa kitabu cha DVD Demystified, ambaye maelezo yake ndiyo tegemeo kuu la simulizi hili, anaonyesha kwamba kanuni ya awali iliigawa dunia vipande viwili. Nchi zenye televisheni ya mtindo wa Marekani zilipewa sauti ya Dolby, AC-3, iliyokuwa imeingia katika majumba ya sinema mwaka 1992 na filamu ya Batman Returns. Nchi zenye televisheni ya mistari 625 zilitakiwa kutumia sauti ya MPEG, ambayo Philips ilikuwa mtetezi wake mkuu, au sauti isiyobanwa kabisa. Mwaka 1997 diski za kwanza za upande wa mistari 625 zilipotoka zikiwa na MPEG ya njia mbili tu huku sauti ya kuzunguka chumba ikiachiwa Dolby, Philips ililalamika. Mei mwaka huo Jukwaa la DVD likafafanua kwamba MPEG ya njia mbili ndiyo pekee iliyokuwa ya lazima. Desemba, kwa kuwa vifaa vya kutengeneza na kusoma MPEG ya njia nyingi vilikuwa adimu, kanuni ikabadilishwa na AC-3 ikaruhusiwa kusimama peke yake duniani kote. Kwa hiyo Dolby ilishinda bila hoja ya nani ana sauti nzuri zaidi kuamuliwa. Aliyeshinda ni yule ambaye vifaa vyake vilikuwa vimekwisha kufika kiwandani.

Ushindi huo ulifika Uganda kwa mlango wa nyuma. Televisheni ya Uganda, iliyoanza mwaka 1963, iliingia katika rangi mwaka 1975 Kampala ilipoandaa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika chini ya Idi Amin, mtu wa asili ya Koboko, nayo ilifuata mfumo wa PAL wenye mistari 625. Nchi ikawa upande wa kanuni iliyobishaniwa. Mashine za bei nafuu zilizojaa madukani baadaye zilisoma AC-3 na MPEG zote mbili, lakini AC-3 ilibaki na hataza hadi mwaka 2017, na programu kadhaa za bure za kutengeneza diski ziliikwepa na kuandika sauti ya MPEG. Diski ya namna hiyo ni halali katika PAL. Ikitengenezwa kwa mtindo wa Marekani, mashine haina wajibu wowote wa kuisoma, na kimya kinaanza. Mpakani kulikuwa na mtego mwingine. Kongo ilifuata mfumo wa SECAM K, ambao sauti yake husafiri megahezi 6.5 kutoka kwenye picha, wakati ya Uganda ilikuwa 5.5. Mashine iliyopangwa kwa mfumo mmoja ikiunganishwa kwa waya wa antena na televisheni ya mfumo wa pili, picha inaonekana na sauti haipatikani. Koboko, inayopakana na Kongo na Sudani Kusini, ni mji ambao bidhaa za pande zote hukutana, na hapo diski nzima ingeweza kulaumiwa kwa kosa la swichi moja.

Mafaili yenyewe yalikuja na matatizo yake. Faili la AVI, ambalo Microsoft ililitoa mwaka 1992, halikuundwa kwa ajili ya MP3 ambayo ujazo wake hubadilika kila sekunde, na programu ya VirtualDub ilikuwa ikitoa onyo kila ilipokutana na sauti ya aina hiyo. MP4 za miaka ya YouTube zilibeba sauti ya AAC, ambayo kanuni ya DVD haiitambui kabisa. Filamu zenye njia sita za sauti zilikuwa na hila nyingine: maongezi hukaa katika spika ya katikati, kwa hiyo anayechukua njia ya kushoto na ya kulia peke yake anapata milipuko mikubwa na maneno yasiyosikika. Tiba inayofanya kazi ina mpangilio, na mpangilio huo ndio elimu yenyewe. Kwanza sauti inatenganishwa na picha na kufunguliwa yote hadi kuwa WAV isiyobanwa. Pili inageuzwa kuwa vipimo 48,000 kwa kukokotoa upya, kwani kubadilisha namba iliyoandikwa juu ya faili hakuigeuzi sauti iliyomo. Tatu njia sita zinachanganywa kuwa mbili, ya katikati ikigawiwa pande zote. Nne urefu wa sauti unalinganishwa na urefu wa picha, na kama picha imeharakishwa, sauti nayo inaharakishwa kwa kiwango kilekile. Mwisho inabanwa kuwa AC-3 na kuunganishwa na picha, na ndipo diski inachomwa. Programu ya FFmpeg, aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2000, inaweza kupanga picha 25, vipimo 48,000 na AC-3 kwa agizo moja la DVD ya PAL. Anayelijua agizo hilo bila kujua sababu zake atakwama faili la kwanza litakapokuja na kasoro mpya.

Atakayepinga atasema kwamba hesabu hizi zinawatetea mno mafundi, maana diski za bei rahisi na umeme wa West Nile vilikuwa matatizo halisi. Ni kweli. Kwa miaka mingi eneo hili lilikuwa nje ya gridi ya taifa na kutegemea jenereta za kampuni ya WENRECO, kisha bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5, na umeme haukuwepo saa zote. Lakini kila sababu ina dalili yake. Diski mbovu hugandisha picha na sauti kwa pamoja, mahali palepale kila inapochezwa. Umeme ukikatika wakati wa kuchoma, diski haisomeki au inakatikia njiani. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuifanya sauti iondoke sawa na picha, iachwe sekunde kumi katika dakika ya nne na sekunde hamsini katika dakika ya ishirini. Mwachano unaokua kwa mpangilio ni hesabu ya mwendo, na mwachano usiobadilika tangu mwanzo hadi mwisho ni kosa la mahali pa kuanzia. Fundi aliyeweza kutofautisha hayo mawili kwa kutazama mwanzo na mwisho wa filamu alikuwa akifanya uchunguzi wa kihandisi, awe na cheti au asiwe nacho.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Filamu nyingi zilizochomwa hazikuwa za wachomaji, na Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006. Makala haya hayawaombei msamaha waliouza kazi za watu bila idhini. Hata hivyo sheria inauliza kazi ni ya nani. Historia inauliza ujuzi ulikuwa kwa nani na ulifanya nini. Ujuzi uleule ndio uliotumika kwa video za harusi, kwaya na wanamuziki wa nyumbani, ambao kazi zao zilikuwa mali yao halali na hazikuwa na kiwanda cha kuzichapisha. Mfano wa Kampala unatosha. Filamu ya Isaac Nabwana, Who Killed Captain Alex, ya mwaka 2010, imepoteza nakala yake ya awali. Kinachotazamwa leo duniani ni toleo lenye sauti ya msimulizi wake, VJ Emmie, juu yake. Filamu maarufu kuliko zote za Wakaliga, mtaa wa Nabwana, imeokolewa na sauti iliyoongezwa baadaye. Atakayewaona wachezea sauti kuwa wezi watupu itabidi aieleze kesi hiyo.

Sauti ina uzito wa pekee West Nile kwa sababu ya lugha. VJ wa Kampala walioanza kwa kuongea na maikrofoni ndani ya vibanda vya video walitafsiri kwa Kiganda. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, wote wakisimulia kwa Kiswahili. Kilugbara na Kikakwa haviko katika familia ya Kibantu, na mtazamaji wa Arua hasikii Kiganda kama mtu wa Masaka anavyokisikia. Hapa kanuni ya DVD ilikuwa karimu kuliko matumizi yake: diski moja inaruhusu njia nane za sauti zinazojitegemea, kila moja kwa lugha yake. Kilugbara, Kikakwa, Kialuri, Kimadi, Kinubi na Kiswahili vingeenea vyote na nafasi mbili zikabaki. Makampuni yalizijaza nafasi hizo kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Diski ya kuchoma kwa kawaida ilibeba njia moja tu, na ikiwa hiyo moja imeharibika, hakuna pa kukimbilia.

Miaka ya karibuni haina mengi ya kusimuliwa. Simu na fleshi zimechukua kazi, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ya mwaka 2018 iligeuzwa mwaka 2021 kuwa asilimia 12 ya bando, na Netflix iliacha kutuma DVD Septemba 2023. Atakayesema basi, mambo yamekwisha, anasahau kwamba diski za kuchoma huhifadhi maandishi yake katika rangi inayofifia, na kwamba harusi na kwaya za miaka 20 iliyopita mara nyingi hazina nakala nyingine. Arua, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, ina Chuo Kikuu cha Muni na ina Radio Pacis, taasisi mbili zenye watu wanaoielewa kompyuta na sauti. Ni aibu kuziacha diski hizo zife wakati waliozitengeneza bado wapo mtaani na kazi imewapungukia. Kazi ya kuziokoa ina masharti: kunakili faili za diski zilivyo bila kuzibana upya, kuandika vipimo vya sauti vilivyotumika, na kusahihisha mwachano kwenye nakala ya pili huku ya kwanza ikiachwa bila kuguswa. Malipo ya kwanza ya mradi kama huo yanapaswa kwenda kwa mafundi wa kuchoma diski, kwa sababu diski yenye sauti iliyoachana na picha inamhitaji mtu anayejua iliachana kwa hesabu gani.