Dobi, Mainato na "Mama wa Nyumbani": Historia Fupi ya Tangazo la Sabuni

Palma ni mji wa pwani ulioko kaskazini kabisa mwa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, si mbali na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Hadi Wareno walipoiteka ghuba ya Tungi mwaka 1887, Sultani wa Zanzibar aliihesabu sehemu hiyo kuwa milki yake. Wenyeji huzungumza Kimakwe, Kimwani, Kimakonde na Kiswahili. Shuleni na ofisini hutumia Kireno. Kwa miaka mingi sabuni ya madukani hapo ilitoka pande mbili: iliyovuka Ruvuma kutoka Mtwara ilikuja na maneno ya Kiswahili, na iliyotoka kusini ilikuja na Kireno. Nguo zinazofuliwa ni zile zile, lakini lugha hizi mbili hazimtaji mfuaji kwa namna moja. Tofauti hiyo ndiyo tunayotaka kuijadili katika makala haya.

Kireno hakiwezi kumficha mtu jinsia yake. Mpishi wa kiume ni *cozinheiro*, wa kike ni *cozinheira*. Msemo *dona de casa* unamtaja mwanamke mwenye nyumba hata kabla picha yake haijaonekana. Kiswahili hakina ulazima huo. Mpishi, mfuaji, fundi, yaya, wote ni ngeli ya M-WA, na "anafua" haituambii kama ni Asha au Juma. (Si kwamba lugha yetu haiwezi kutenga: mume huoa, mke huolewa, na mwanafunzi akikosea hapo darasa zima hucheka.) Kwa hiyo, tangazo la Kiswahili linaposema "Mama, fua kwa sabuni hii", neno mama halikulazimishwa na sarufi. Limechaguliwa na mwandishi wa tangazo. Swali la historia ni hili: alianza lini kulichagua?

Tukirudi nyuma tunakuta kwamba katika miji ya kikoloni kufua kwa malipo kulikuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya wanaume. Neno letu dobi tumelipata kutoka Uhindi pamoja na kazi yenyewe, na dobi tuliyemzoea mijini ni mwanamume mwenye pasi ya mkaa. Msumbiji alikuwapo mainato, neno lililoingia katika Kireno cha huko kutoka Uhindi pia, nalo lilimtaja mwanamume aliyefua na kupiga pasi nguo za watu. Huko Johannesburg, mwishoni mwa karne ya 19, wanaume wa Kizulu walioitwa AmaWasha walifua nguo za mji wa migodi na kujipanga kama chama cha mafundi. Nyumbani kwao wanawake waliendelea kufua mtoni na kisimani, bila malipo na bila tangazo. Ndiyo kusema kazi ilipokuwa na mshahara ilikuwa na mwanamume.

Wauza sabuni waliliona hilo. William Lever alianza kuuza Sunlight Uingereza mwaka 1884, na huko matangazo yake yalimlenga mke aliyechoshwa na beseni. Kusini mwa Afrika mambo yalikuwa tofauti. Mwanahistoria Timothy Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu Zimbabwe, anaonyesha kwamba Lifebuoy ilitangazwa kwa wanaume wafanyakazi, yaani wenye mshahara mfukoni, na Lux ikatangazwa kwa wanawake kama sabuni ya urembo. Jina la kitabu lenyewe linawagawa: wanaume wa Lifebuoy, wanawake wa Lux. Tunaona hapa kwamba tangazo lilimfuata mwenye fedha kwanza, na halikujali sana nani anashika nguo.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na kwa upande wa Msumbiji baada ya uhuru mwaka 1975, matangazo ya biashara yalipungua uzito. Frelimo ilikuwa imeunda jumuiya ya wanawake, OMM, mwaka 1973, na mabango ya miaka ile yalimchora mwanamke mwenye bunduki na jembe. Sabuni yenyewe iliadimika, na bidhaa ya foleni haihitaji kusifiwa. Msumbiji ilianza kulegeza masharti ya uchumi mwaka 1987. Tanzania ikaruhusu redio na televisheni binafsi katika miaka ya 1990. Tangazo la sabuni likarudi kwa kishindo, na safari hii lilirudi na mama: anafua, anatabasamu, shati la baba ni jeupe, baba yuko kazini. Dobi hakurudi naye, ingawa mtaani alikuwa angali akipiga pasi.

Karibuni mambo yamegeuka tena kwingineko. Mwaka 2015 sabuni ya Ariel ilianza kampeni nchini India ikiuliza kwa nini kufua kuwe kazi ya mwanamke peke yake. Uingereza ilianza mwaka 2019 kuyakataza matangazo yenye dhana za kijinsia zinazoleta madhara. Kwetu baba naye huonekana siku hizi akishika ndoo. Lakini tumsikilize msimulizi: baba "anamsaidia" mama. Kitenzi hicho kinamrudishia mama umiliki wa kazi, kwa sababu anayesaidiwa ndiye mwenye kazi. Hatujasikia tangazo likisema mama anamsaidia baba kufua.

Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021 na wakazi wake wengi wakatawanyika, wengine hadi Pemba. Karatasi za sabuni na vibao vya maduka havihifadhiwi na mtu katika hali kama hiyo. Tunawaomba wanafunzi wetu wa Mtwara na wa ng'ambo ya Ruvuma, wenye picha za zamani za maduka au makaratasi ya bidhaa ya lugha zote mbili, watuletee nakala idarani.