Podikasti: Sauti Yenye Mlisho

Mwanafunzi anayemrekodi mhadhiri kwa simu na kuituma sauti ile katika kundi la WhatsApp la darasa amefanya jambo jema, lakini hajatengeneza podikasti. Alichonacho ni rekodi. Kinachoigeuza rekodi kuwa podikasti ni mlisho, na hapo ndipo wengi wanaporuka wanapolieleza neno hili. Husema podikasti ni "redio ya mtandaoni". Maelezo hayo yanapotosha, kwa kuwa redio ya mtandaoni nayo ipo na ni kitu kingine: ukichelewa kuifungulia, kipindi kimekupita.

Mlisho ni faili fupi la maandishi linalokaa mahali pamoja kwenye intaneti, lenye anwani isiyobadilika. Ndani yake huorodheshwa kila kipindi: jina, tarehe, maelezo mafupi na mahali sauti yenyewe ilipohifadhiwa. Programu ya podikasti iliyo katika simu ya msikilizaji hulichungulia faili hilo mara kwa mara, na ikikuta kipindi kipya hukipakua au humjulisha mwenye simu. Yeye hujisajili mara moja tu. Ndiyo maana nalipenda neno mlisho: anayelishwa haendi kutafuta chakula kila mlo.

Mbinu hii ilianza mwaka 2000, Dave Winer wa Marekani alipoongeza kiambatisho katika muundo wa milisho uitwao RSS, ili habari iweze kubeba faili la sauti. Mwaka 2003, katika kituo cha Berkman cha Chuo Kikuu cha Harvard, yeye na mtangazaji Christopher Lydon wakaanza kusambaza mahojiano kwa njia hiyo. Kwa hiyo podikasti zilipita chuoni kabla hazijapata jina. Jina lilitajwa Februari 2004 na mwandishi Ben Hammersley katika gazeti la Guardian la Uingereza, akiunganisha iPod, kile kifaa cha muziki cha Apple, na neno la Kiingereza la utangazaji. Apple iliacha kutengeneza iPod mwaka 2022. Jina linaendelea.

Kiswahili kimelipokea kwa desturi yake ya kutia irabu. Wapo wanaoandika podkasti. Mimi nachagua podikasti, kwa sababu hutamkika bila kukwama, na naipa upatanisho wa neno redio: podikasti hii, podikasti hizi. Sioni haja ya kulitafutia mbadala wa Kibantu. Vilivyohitaji maneno ni viungo vyake, navyo tunavyo: mlisho, kiambatisho, kipindi, kujisajili, kupakia, kupakua. Tuangalie tu kwamba podikasti ni mfululizo mzima, na toleo lake moja ni kipindi. Aliyesikiliza vipindi vitatu vya mfululizo mmoja amesikiliza podikasti moja.

Tofauti ya rekodi na podikasti ina uzito mkubwa katika mji kama Mbale nchini Uganda, wenye Chuo Kikuu cha Kiislamu Uganda tangu 1988 na Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Busitema. Kundi la WhatsApp hunyamaza darasa likihitimu, na sauti hufutwa simu inapojaa. Mlisho ukitunzwa, mwanafunzi wa mwaka unaofuata hurudi hadi kipindi cha kwanza. Gharama nayo haipuuziki, maana tangu Julai 2021 Uganda inatoza ushuru wa asilimia 12 kwenye data za intaneti. Saa nzima ya mazungumzo kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama megabaiti 29. Ukihifadhi kwa kilobiti 128 unakaribia 58, na sauti ya mtu mmoja anayezungumza haipati faida ya kulingana na bei hiyo. Msikilizaji akipakua penye Wi-Fi, atasikiliza nyumbani bila bando.

Na nyumbani huko ni wapi? Chukua Namatala, mtaa wa Mbale ulio katika Industrial Division, ambako wenyeji Wagisu wanaishi pamoja na Wateso, Wakaramojong na wengine, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua watu na kubomoa nyumba. Mwanafunzi wa afya anayesoma magonjwa yaletwayo na maji machafu ana mengi ya kujifunza kwa mama aliyetoa tope ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kipindi cha mahojiano naye kikitengenezwa kwa Kiingereza pekee, chuo kitakuwa kinawazungumzia watu wa Namatala bila kuwazungumzisha.

Hapa idhini ni lazima, tena ielezwe kwa lugha anayoielewa mhojiwa. Kipindi kinaweza kuondolewa kwenye mlisho, lakini nakala zilizokwisha kupakuliwa hubaki katika simu za watu na hakuna wa kuzirudisha. Mama yule aambiwe hivyo kabla kinasa sauti hakijawashwa, na akisita, asishinikizwe. Mgonjwa wa wodini hafai kuombwa akiwa kitandani na daktari wake amesimama pembeni, kwani atashindwa kukataa.

Vifaa havisumbui sana. Simu ya kawaida inatosha, katika chumba chenye mapazia au godoro la kumeza mwangwi, mbali na barabara. Jambo linalosahaulika ni dogo zaidi: mlisho una nafasi ya kutaja lugha ya podikasti, na usipoigusa inaweza kubaki en, yaani Kiingereza. Msimbo wa Kiswahili ni sw. Ujazwe siku mlisho unapofunguliwa, ili anayechuja vipindi kwa lugha, awe Bungoma au Muscat, akione kile cha Mbale.