Filamu za ufukweni na funzo la kutafuta nafasi

Kwa miaka mingi filamu za ufukweni za Marekani zimehesabiwa kuwa burudani nyepesi: jua, gitaa na vijana wanaocheza dansi mchangani. Hukumu hiyo inazipunja. Chini ya vicheko vyake kuna swali zito: mtu hupataje nafasi mahali ambapo hakuna aliyemtarajia?

Chanzo cha filamu hizo ni ufukwe wa Malibu, California, mwaka 1956. Kathy Kohner, binti wa miaka 15, alishinda pale na vijana wa kiume walioteleza juu ya mawimbi. Kwa kuwa hakuwa na ubao, aliwapelekea sandwichi za siagi ya karanga ili wamwazime mbao zao. Visa vya ufukweni alimsimulia baba yake, Frederick Kohner, mwandishi wa filamu, Myahudi aliyeukimbia utawala wa Wanazi. Mzazi huyo alisikiliza kwa makini, akaandika riwaya iliyotoka mwaka 1957. Miaka miwili baadaye ikawa filamu, Gidget, na Sandra Dee akaigiza kama msichana huyo.

Mapema katika filamu, Gidget ananaswa na mwani baharini, nusura azame, hadi kijana mmoja anamwokoa. Aibu hiyo haimkimbizi. Anatafuta ubao wake, anaanguka, anapanda tena, mpaka wale waliomwona mtoto wanamkubali. Pembeni yupo Kahuna, mkongwe wa vita vya Korea anayeishi kibandani bila kazi, na vijana wanamhusudu. Mwishoni anabomoa kibanda chake na kushika kazi ya urubani. Filamu inatwambia waziwazi kwamba kuzurura hakumalizi majeraha ya vita, na kwamba hata shujaa wa vijana hufikiwa na siku ya kubeba wajibu.

Mwaka 1963 William Asher aliongoza Beach Party, filamu ya Annette Funicello na Frankie Avalon. Humo profesa mwenye ndevu anawachunguza vijana kwa darubini kana kwamba ni kabila geni. Anaanza kuwaelewa pale tu anapoketi na kuzungumza nao. Ni somo kwa kila mzazi.

Kisha Bruce Brown akatoa The Endless Summer. Aliwafuata wateleza mawimbi wawili, Mike Hynson na Robert August, wakisaka mawimbi Senegali, Ghana, Nijeria na kwingineko, hadi walipovuka vilima vya mchanga huko Cape St. Francis, Afrika Kusini, wakakuta wimbi refu, safi. Wasambazaji walidai kwamba watu wa bara wasingeitazama. Brown akaipeleka Wichita, Kansas, mbali kabisa na bahari, tena wakati wa baridi, na watu wakajaa. Mwaka 1966 ikasambazwa nchi nzima. Subira huvuta heri.

Hata hivyo, kuna watu ambao kamera iliwapita. Stevie Wonder, akiwa bado mtoto, aliimba katika Muscle Beach Party ya mwaka 1964, lakini vijana wanaojaa mchangani katika filamu hizo karibu wote ni Wazungu. Juni mwaka huohuo, mjini St. Augustine, Florida, Wamarekani Weusi walipigwa kwa kuingia baharini kwenye ufukwe uliotengewa Wazungu. Huko California, Willa na Charles Bruce, mke na mume Weusi, walifungua mahali pa mapumziko Manhattan Beach baada ya kununua ardhi mwaka 1912. Mwaka 1924 mji ulianza kuwanyang'anya kwa hoja ya kujenga bustani, na wazao wao walirudishiwa ardhi hiyo mwaka 2022.

Na Malibu kwenyewe, kabla ya Kathy, alikuwapo Nick Gabaldon, kijana Mweusi mwenye asili ya Mexico. Alikuwa akipiga makasia kwa mikono, amelala juu ya ubao, kutoka Santa Monica hadi Malibu, umbali wa karibu kilomita 19. Alifariki mwaka 1951 baada ya kugonga gati la Malibu akiwa juu ya wimbi.

Gidget anafundisha kwamba nafasi hupatikana kwa bidii. Gabaldon na akina Bruce walikuwa na bidii isiyo na shaka, na bado akina Bruce walinyang'anywa ardhi kwa sababu ya rangi yao, na Gabaldon kamera ikampita. Mzazi anayewaonyesha wanawe filamu hizi leo awasimulie pia habari za hao, kwa maana Malibu ilikuwa ya Gabaldon kama ilivyokuwa ya Kathy.