Mafuta Tete na Dhana ya Kufukuza Visumbufu vya Matunda

Mafuta tete ni mchanganyiko wa kemikali nyepesi zenye harufu kali, ambazo mmea huzitengeneza na kuzihifadhi katika vifuko vidogo sana vya majani, maua, mbegu au maganda yake, na ambazo hugeuka mvuke upesi hata bila kuchemshwa. Mara nyingi mafuta haya huitwa "mafuta muhimu", jina lililozaliwa na tafsiri ya haraka, kwa kuwa walioyapa jina huko Ulaya walikusudia kiini cha mmea, yaani kile kinachoubeba unukiaji wake, wala hawakukusudia umuhimu wake kwa mtumiaji. Watu wa pwani wamekuwa na halwaridi na haludi tangu zamani, na Pemba hukeneka mafuta ya karafuu, lakini hayo ni majina ya mafuta mojamoja, si ya jamii nzima. Neno "tete", ambalo hutumika kwa kitu kisichotulia, linastahili zaidi, kwani linataja sifa ambayo ndiyo nguvu ya mafuta hayo na ndiyo udhaifu wake.

Tofauti yake na mafuta mengine huonekana kwenye karatasi: tone la mafuta ya alizeti huacha doa lisilokauka, ilhali tone la mafuta ya mchaichai hunukia, husinyaa na kutoweka, likiacha alama hafifu au lisiache kitu. Kwa kipimo hicho mafuta ya mwarobaini, yanayokamuliwa kutoka kwenye mbegu, hayamo katika kundi hili, kwa kuwa azadirakitini iliyomo haivukiki kwa urahisi, nayo humdhuru mdudu anayeila au kuguswa nayo kwa kumharibia ukuaji. Kuyaweka mafuta ya mwarobaini na ya mchaichai chini ya jina moja, kama ifanyikavyo mara kwa mara, ni kumpotosha mkulima kuhusu namna ya kutumia kila aina.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako vihamba vya Wachaga, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, huchanganya migomba, kahawa, miparachichi na mipera, na ambako miembe hustawi zaidi kuelekea tambarare za Moshi, kisumbufu kinachotajwa sana ni nzi wa matunda, hasa Bactrocera dorsalis, spishi yenye asili ya Asia iliyogunduliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika katika pwani ya Kenya mwaka 2003. Jike hulitafuta tunda kwa harufu, hulitoboa ganda na kutaga mayai chini yake, kisha mabuu hula nyama kwa ndani, hivyo dawa inayopulizwa juu ya ganda haiwafikii. Hapo ndipo dhana ya kufukuza inapopata maana yake: harufu ngeni hupokewa na vipapasio vya jike na kumfanya asilitambue tunda au asitue juu yake, kabla hajataga. Kiuatilifu, kwa muundo wa neno lenyewe, ni kitu kinachoua, lakini kifukuzi si lazima kiue, ingawa ufafanuzi wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa unaviingiza vifukuzi katika kundi la viuatilifu.

Hata hivyo, si kila mafuta tete hufukuza. Methili-eujenoli, inayopatikana katika mafuta ya baadhi ya mimea ya jamii ya mrehani, huwavuta madume wa Bactrocera dorsalis kwa nguvu kubwa, na ndiyo inayowekwa ndani ya mitego inayotundikwa miembeni. Kwa hiyo mtu anayepuliza mafuta ya mrehani asioujua kikemia anaweza kuwaita aliotaka kuwafukuza.

Mmea wa jamii hiyohiyo unaobeba jina la mlima wenyewe, Ocimum kilimandscharicum, una mafuta yenye kafuri kwa wingi, na majani yake yalichunguzwa na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, katika miaka ya 1990 kwa ajili ya kuhifadhi nafaka dhidi ya wadudu wa ghalani. Ghala limefungwa na mvuke hubaki humo. Kihamba kiko wazi, na hewa ya mlimani hupanda mchana na kushuka usiku, ikiyachukua mafuta yaliyopulizwa. Matokeo ya ghalani, basi, hayawezi kuhamishiwa mtini bila majaribio mapya, wala yale ya maabara, ambako mafuta kadhaa yameonekana kuwapunguza majike wanaotaga.

Mafuta hayachanganyiki na maji bila sabuni au kitu kingine cha kuyashikanisha, na yakizidi huunguza majani na machipukizi. Ugumu mkubwa, hata hivyo, uko kwenye saa ya kupuliza: nyuki, ambao miparachichi huwahitaji kwa uchavushaji, hutafuta chakula mchana, kwa hiyo jioni ingekuwa saa salama kwao. Lakini nzi jike hutaga mchana, na sehemu kubwa ya mafuta yaliyopulizwa jioni huwa imekwisha kupeperuka kufikia wakati huo. Ndiyo maana watafiti huelekeza juhudi katika kuyafungia mafuta ndani ya nta, udongo mweupe au vifuko vidogo mno vinavyoyaachia kidogokidogo, ili mvuke wake uwepo saa ambayo jike analizunguka tunda.